Boti ya Kuokolea Maisha Iliyofunikwa: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Karakanani Arusha

Karakana yetu ni ya faiba. Riziki yetu ya kila siku ni mapaa ya magari ya watalii, matangi ya maji na mabodi. Pembeni ya kazi hiyo tunasanifu boti ya kuokolea maisha iliyofunikwa, ya watu 20. Bado iko kwenye michoro na mifano midogo, kwa hiyo hakuna cha kuuza. Maswali yanatoka kwa mafundi wenzetu, wanafunzi wa ufundi, na watu wa Tanga na Unguja wanaoshangaa tunafanya nini huku juu. Tumeyajibu hapa ili tusirudie kila siku.

Mnachora boti ya bahari mkiwa mlimani. Kweli?

Kweli. Meza ya kuchorea haihitaji mawimbi, na mikono inayojua faiba Arusha imejaa, kwa sababu ya magari ya utalii. Bahari itahitajika mwishoni, na hapo hakuna mkato: boti itateremka pwani na kupimwa pwani. Kabla ya hapo, kuwa Arusha, mbali na bahari na takribani mita 1,400 juu ya usawa wake, kunatubadilishia mambo matatu: mgandamizo wa hewa, uzito wa maji tunayojaribia, na ubaridi unaochelewesha resini kukauka. Kila moja tutalifikia.

Boti iliyofunikwa ni ipi hasa?

Ni ile ya rangi ya machungwa inayoning'inia ubavuni au nyuma ya meli ya mizigo, yenye paa gumu na milango inayofungwa maji yasipite. Watu wanaingia wakiwa bado melini, wanajifunga mikanda, wanashushwa nayo. Haifanyi kazi ya boti ndogo ya mwendo kasi inayotumwa kumchukua mtu aliyeanguka majini. Kazi yake ni kukaa: kuwaweka watu hai mpaka msaada ufike.

Nani alianza kufunika boti?

Mfano tunaoupenda ni wa nahodha wa Norway, Ole Brude. Mwaka 1904 yeye na wenzake watatu waliondoka Ålesund ndani ya chombo cha chuma chenye umbo la yai, wakavuka Atlantiki na kufika Gloucester, Massachusetts, Januari 1905. Walifika hai, ila wenye meli hawakukimbilia kununua. Titanic ilizama 1912, mkataba wa kwanza wa SOLAS, yaani wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ukaandikwa 1914, na bado kwa miongo mingi boti za wazi ndizo zilizobaki melini. Watu walikufa kwa baridi na kwa kupigwa na maji wakiwa tayari wamo ndani ya boti. Leo SOLAS, pamoja na kanuni za vifaa vya kuokolea maisha zinazoitwa LSA, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 1998, ndizo zinazoeleza vipimo vya kikanuni tutakavyovitaja hapa chini.

Ikipinduka inajigeuzaje yenyewe?

Watu wengi hudhani kuna mtambo umefichwa mahali. Hakuna. Ni umbo na uzito tu.

Chini tunaweka vizito vyote: injini, tangi la mafuta, matangi ya maji ya kunywa, na mkuku wenyewe, ule uti wa mgongo wa chini ya boti. Juu tunaweka paa pana, la mviringo, jepesi, lililojaa hewa. Boti ikilala kichwa chini, paa linakuwa ndani ya maji na maji yanalisukuma juu kwa nguvu zote, huku vizito vikiwa vimebaki juu kabisa vikitafuta kushuka. Hali hiyo haiwezi kudumu. Wimbi dogo tu likiisogeza pembeni, mambo mawili yanasaidiana na boti inamaliza mzunguko.

Paa bapa linaharibu kila kitu. Boti yenye paa bapa ikipinduka hulala juu ya paa hilo ikatulia vizuri sana, na watu wako ndani wakining'inia. Ndiyo maana anayetuletea mchoro wenye paa la kukalia, eti abiria wapate upepo, tunamrudisha mezani.

Kuna sharti la pili. Boti inajigeuza milango yote ikiwa imefungwa. Maji yakiingia, hesabu inabadilika. Hata hivyo kanuni inadai kwamba boti iliyotoboka na kujaa maji, ikipinduka, ijiweke yenyewe mkao wa kuwaachia watu njia ya kutokea juu ya maji. Kwa mchoraji hiyo ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza, na ndiyo iliyotufanya tuhamishe mlango mmoja kutoka ubavuni kwenda nyuma.

Kwa hiyo mkanda ni lazima, au ni wa kujilinda tu usijigonge?

Hili lingekuwa swali la kwanza kama tungepanga kwa uzito wake.

Kanuni ya LSA inahesabu mtu wa meli ya mizigo kuwa na kilo 82.5. Watu 20 ni kilo 1,650. Boti yetu ikiwa imejaa haifiki tani nne na nusu, kwa hiyo abiria ni zaidi ya theluthi ya uzito wote. Wakifungwa kwenye viti, theluthi hiyo iko mahali tulipoichora, chini, na inasaidia kugeuza. Wasipofungwa, boti ikipinduka wote wanaanguka kwenye dari. Sasa zaidi ya tani moja na nusu imehamia upande wa paa, na paa ndilo lililo chini. Boti uliyoisanifu ijigeuze umeigeuza kuwa chombo kinachotulia kichwa chini.

Abiria, basi, ni sehemu ya mtambo. Tulipoelewa hivyo tuliacha kuchora gamba, yaani mwili wa nje wa boti, kwanza. Tunaanza na kiti, mtu aliyekaa, mabega yake, jaketi okozi lililomnenepesha, na mkono wake unaotafuta mkanda gizani. Gamba linakuja kuzunguka hapo. Mikanda yetu ina rangi mbili zinazopishana kiti kwa kiti, kwa sababu kwenye benchi lililobanana mtu huvuta mkanda wa jirani yake, na hilo ukitaka kuliona huhitaji bahari: panda daladala yoyote ya Kilombero, hapa Arusha, jioni.

Mnapataje idadi ya watu?

Kwa kuwakalisha. Kanuni inatoa upana wa kiti milimita 430 kwa kila mtu, na boti yoyote isizidi watu 150. Kwenye karatasi ya meli ya mizigo tunatumia kilo 82.5, na ya abiria kilo 75. Kisha tunatengeneza viti vya mbao vya kipimo kamili na kuwaita watu halisi, wanene kwa wembamba, wakiwa na jaketi okozi. Meli ya mizigo inataka boti yake ijae ndani ya dakika 3 tangu amri itolewe, ya abiria dakika 10. Njia ya katikati ikiwa nyembamba, dakika hizo zinaishia mlangoni.

Faiba ikitoboka itazama?

Haitakiwi kuzama. Nafasi kati ya gamba la nje na la ndani tunaijaza povu gumu lisilonyonya maji wala kuharibiwa na mafuta. Kwanza povu hilo litoshe kuielesha boti na vifaa vyake hata ikiwa imejaa maji na iko wazi. Juu ya hapo, kanuni inaongeza nguvu ya nyutoni 280 kwa kila mtu. Kwa watu 20 ni nyutoni 5,600, sawa na kuinua kama kilo 570. Mita moja ya ujazo ya povu lenye uzito wa kilo 40 inainua takribani kilo 985 katika maji ya chumvi, kwa hiyo nyongeza hiyo peke yake inataka karibu mita 0.58 za ujazo. Si kidogo ndani ya boti ya mita tano na nusu. Wanafunzi wengi huisahau mpaka viti vimeshachorwa, halafu povu linakosa pa kukaa.

Hewa inatosha kwa muda gani?

Mfupi kuliko unavyodhani. Mtu aliyetulia anatoa kama lita 20 za kaboni dayoksaidi kwa saa. Watu 20 ni lita 400. Chumba chetu kina takribani mita 12 za ujazo za hewa, yaani lita 12,000. Kifunge kabisa, na baada ya saa moja hewa ile ina zaidi ya asilimia 3 ya gesi hiyo. Kichwa kinauma, pumzi zinakwenda mbio, watu wanaanza kugombana au kusinzia. Na hao ni watu waliotulia. Wenye hofu wanatoa zaidi.

Kwa miaka mingi kanuni hazikuweka kiwango cha hewa kwa boti za kawaida zilizofunikwa. Sasa kimewekwa: boti zitakazofungwa melini kuanzia tarehe 1 Januari 2029 zinatakiwa kuingiza angalau mita 5 za ujazo za hewa kwa saa kwa kila mtu, kwa saa 24. Kwetu ni mita 100 kwa saa, yaani hewa yote ya chumba ibadilike zaidi ya mara nane kila saa. Hatukuona sababu ya kusubiri mwaka huo.

Ugumu ni kwamba tundu la kuingiza hewa ni tundu la kuingiza maji pia. Tunatumia bomba lililopindwa lenye valvu ya mpira inayojifunga boti ikilala, na feni ndogo ya betri. Valvu hiyo ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye boti, na ndiyo iliyotunyima usingizi.

Boti za meli za mafuta ni habari nyingine. Zile zinabeba mitungi ya hewa ya dakika 10 zisizopungua, na mfumo wa kujimwagia maji ya bahari juu ya paa, ili zipite kwenye mafuta yanayowaka kwa dakika 8 au zaidi. Hatuchori ya aina hiyo.

Na joto la pwani yetu?

Boti hizi zilifikiriwa na watu wa bahari za baridi. Injini, kwa mfano, inatakiwa iwake hata kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri ndani ya dakika 2. Kwetu adui ni jua. Aprili 2009 nahodha wa meli Maersk Alabama alishikiliwa na maharamia kwa siku kadhaa ndani ya boti iliyofunikwa nje ya pwani ya Somalia, na moja ya mateso makubwa waliyopata wote waliokuwemo ni joto.

Kila mwili uliotulia unatoa joto la kama wati 100. Watu 20 ni kilowati mbili, kabla jua halijagusa paa. Tunachofanya: povu la paa tunaliongeza unene, milango miwili inaweza kuachwa wazi kidogo bahari ikiwa shwari, na kuna turubai jeupe la kutandaza juu. Nani atatoka kulitandaza? Hapo bado tunabishana wenyewe kwa wenyewe.

Injini ya ukubwa gani?

Dizeli inayotosha kuifikisha boti iliyojaa maili 6 za baharini kwa saa, kama kilomita 11, maji yakiwa shwari, na mafuta ya saa 24 kwa mwendo huo. Iweze pia kuvuta boya la kuokolea linalobeba watu 25 kwa maili 2 za baharini kwa saa. Boti ikipinduka, injini iendelee au ijizime yenyewe na kuwaka tena bila shida.

Tahadhari kwa mafundi wa huku: injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 unazopanda. Ukiipima Arusha utaona kama asilimia 13 au 14 zimepungua. Usikimbilie kununua kubwa zaidi. Pwani zitarudi.

Kwa nini mnaogopa sana ndoano?

Kwa sababu zimeua mabaharia ndani ya boti za kuokolea, kwenye mazoezi, meli ikiwa bandarini na hakuna hatari yoyote.

Boti inaning'inia kwa ndoano mbili, mbele na nyuma. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la kazi za mafuta la Norway, Alexander L. Kielland, lilipinduka Bahari ya Kaskazini, wakafa watu 123. Boti zilishushwa, lakini mawimbi yaliendelea kuzivuta kamba, na ndoano za zile nyingi hazikukubali kufunguka zikiwa na mzigo. Baada ya hapo zikatakiwa ndoano zinazoweza kufunguka hata boti ikiwa bado inaning'inia. Tatizo likageuka upande wa pili: zikaanza kufunguka zenyewe, au kwa mkono uliovuta mapema, boti ikiwa bado juu. Mbele ikiachia kabla ya nyuma, boti inasimama wima na watu wanamwagika. IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, ililazimika kurekebisha kanuni mwaka 2011, na meli zilizokuwa na ndoano zisizokidhi zikapewa muda hadi matengenezo yao ya kwanza ya gati kavu, meli ikiwa nje ya maji, baada ya tarehe 1 Julai 2014.

Msimamo wetu ni huu: ndoano hatutengenezi. Tunanunua iliyoidhinishwa na kuchora boti kuizunguka. Fundi wa mtaa wetu wa Unga Limited anaweza kukuchomelea ndoano nzuri ya kuvutia lori, na tunamheshimu. Hii si hiyo.

Chakula, maji na vifaa?

Chakula cha kilojuli 10,000 kwa mtu na maji lita 3 kwa mtu. Dawa ya kichefuchefu ya saa 48 na mfuko wa kutapikia kwa kila mmoja, na usiucheke mfuko huo: ndani ya chumba kilichofungwa, mmoja akianza wanafuata wote, na kutapika kunamaliza maji mwilini haraka. Fataki 4 za kurusha juu, 6 za mkononi, vitoa moshi 2, kioo cha kuakisi jua, filimbi, dira, nanga ya kuelea, ndoo mbili, shoka mbili, vifaa vya kuvulia samaki. Vyote vifungwe mahali pake. Shoka lisilofungwa ndani ya boti inayobiringika ni silaha.

Mnajaribia wapi?

Mfano mdogo tunaujaribia Ziwa Duluti, pale Tengeru, kwa ruhusa, kwa kuwa liko ndani ya msitu wa hifadhi. Ni ziwa la kreta, limekingwa na upepo, na linatufaa kwa majaribio ya kupindua. Kwa mawimbi ya upepo, Bwawa la Nyumba ya Mungu kusini mwa Moshi ni bora.

Mfano ni moja ya tano ya urefu. Hapo wengi hukosea uzito: wanagawa kwa tano. Uzito hugawanywa kwa 5 mara 5 mara 5, yaani 125. Boti ya kilo 4,000 inakuwa mfano wa kilo 32. Halafu maji ya Duluti hayana chumvi. Ya bahari ni mazito kwa kama asilimia 2.5, kwa hiyo tunaushusha mfano hadi kilo 31.2 ili uzame kwa kina kilekile ambacho boti kamili itazama baharini. Muda nao unabadilika, kwa kipeuo cha pili cha 5, kama 2.24: mfano ukijigeuza kwa sekunde 4, boti kamili itachukua kama 9. Kaa kwenye kiti, funga mkanda, hesabu sekunde 9 kichwa kikiwa chini. Ni nyingi.

Abiria wa mfano ni vifuko vya mchanga. Tunajaribu vikiwa vimefungwa, kisha tunavifungua baadhi. Mgeni akitaka kuelewa habari ya mikanda, tunamwonyesha hilo badala ya kumhutubia.

Faiba ya Arusha inafaa bahari?

Faiba ni ileile, resini ileile. Shida ni Juni na Julai. Asubuhi za ubaridi, resini iliyochanganywa kwa kipimo cha mchana wa Desemba haikauki sawasawa, na fundi mwenye haraka anaongeza hadina, dawa ya kugandisha. Gamba linaonekana gumu nje, ndani bado. Sisi miezi hiyo tunapasha chumba moto au tunasubiri saa sita mchana. Resini iwe ya aina isiyoshika moto haraka. Gamba linatakiwa kustahimili kugonga ubavu wa meli kwa mita 3.5 kwa sekunde na kudondoka majini kutoka mita 3, na hapo tabaka lililokauka nusu litajitaja lenyewe.

Boti mtaishushaje pwani?

Kwa lori, barabara ya Moshi, Same, Korogwe mpaka Tanga. Milango ikiwa wazi.

Chukua chupa tupu ya maji, ifunge vizuri Arusha, ushuke nayo Tanga. Utaikuta imejikunja. Mgandamizo wa hewa huku juu ni kama hektopaskali 856, pwani ni 1,013. Tofauti ni zaidi ya 150. Kanuni za boti zenye mitungi ya hewa zinataka mgandamizo wa ndani usishuke chini ya wa nje wala usiuzidi kwa zaidi ya hektopaskali 20. Boti iliyofungwa kabisa Arusha ikifika Tanga, mlango wa sentimita 60 kwa 60 utakuwa umebanwa na zaidi ya nusu tani. Utararua mpira wake au utashindwa kuufungua. Vyumba vidogo vilivyofungwa vyenye hewa ni vibaya zaidi, na ndiyo sababu nyingine ya kupenda povu.

Boti kama hii ingewaokoa wa MV Bukoba au Spice Islander?

Tunaulizwa mara nyingi, na mara nyingine na waliofiwa, kwa hiyo tunajibu kwa uangalifu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, Spice Islander I tarehe 10 Septemba 2011, MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018. Boti iliyofunikwa inahitaji muda wa kuingia, kufunga na kushushwa. Chombo kilichojaza kupita kiasi kikilala ubavu, hakitoi muda huo, na boti za upande mmoja hazishuki. Kwa vivuko vyetu tungeanza na idadi ya abiria na mizigo, jaketi okozi zinazofikika, na maboya ya kuokolea ya kujifungua yenyewe, yale ambayo chombo kikizama hujiachia kabla ya kina cha mita 4. Boti yetu ni ya meli za mizigo na kazi za gesi na mafuta baharini. Atakayekuambia inatibu kila ajali anauza.

Nikitengeneza yangu naweza kuiuza?

Kama boti ya uvuvi au ya kutembelea, fuata usajili wa kawaida. Kuiita ya kuokolea maisha ni jambo jingine: lazima ipimwe kama LSA inavyotaka na kuidhinishwa. Bara anza na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa meli, Zanzibar anza na mamlaka yao ya usafiri baharini, mapema, kabla hujamwaga moldi. Mchoro unarekebishika kwa ufutio.

Rangi lazima iwe ya machungwa?

Ndiyo, ile iliyokoza, au nyingine inayoonekana vizuri sana baharini. Mteja mmoja alitaka kijani cha magari yake ya safari. Tulimtengenezea mapaa ya magari.